Siku ya Kuogeshwa

Jumanne na Ijumaa, saa tatu kasoro,
Mererid hufungua mlango kwa ufunguo wake,
hukung'uta mvua ya Wales kwenye zulia
na kuniita Ithel.
Si mzee wa kanisa, si bwana.
Ithel, kama mama alivyoniita
kabla sijawa mtu wa kuogopwa.

Miaka arobaini na mitatu nilipasua mawe ya paa.
Waweka patasi kwenye mshipa wa jiwe,
wagonga kidogo tu, nalo lafunguka kama kitabu,
na huko mbali, Liverpool, Hamburg, watu hulala pakavu.
Nilijua mahali pa kugonga.
Leo mikono hii imeshindwa na kifungo cha shati.
Kikombe hucheza juu ya kisahani,
kengele ndogo ya kutangaza kwamba naja.
Vumbi la machimbo halikutoka kifuani:
nina mlima wangu humu ndani,
naubeba hadi chooni, naurudisha.

Kanisani tulikaa sita, chini ya mimbari,
tumewageukia watu, tukiwahesabu.
Kanisa lilipofungwa benchi letu liliuzwa mnadani.
Nasikia lipo hotelini;
wageni hulikalia wakisubiri meza.

Sasa nitasema nisilolisema.
Mwaka wa theluji kuu, Nesta alisimama mbele yetu,
koti lake limekataa kufungika tumboni.
Jina la kijana hakulitaja.
Mimi ndiye niliyekuwa mdogo wa wale sita,
na mkono wangu ndio uliotangulia kwenda juu.
Tukamtenga na meza ya Bwana.
Alitokea mlango wa pembeni, polepole,
akichunga miguu isiteleze kwenye barafu.
Nikarudi nyumbani, nikala chakula changu chote.

Tumbo lile lilikuwa Mererid.

"Inua mkono," ananiambia.
Maji ya uvuguvugu. Kwapa, mgongo,
na pale ambapo hata marehemu Lowri
hakuwahi kupatazama taa ikiwaka.
Siku ya kwanza nilikataa katakata.
Niling'ang'ania taulo kama askari na bendera ya mwisho.
Nikasema, wewe hutanigusa, aitwe mwanamume.
Akakaa ukingoni mwa bafu, akacheka kidogo:
"Petro naye alianza hivyo hivyo."

Ile sura nilikuwa nimeifundisha miaka na miaka,
daima nikiwa mimi mwenye beseni.
Upande wa miguu
sikuwahi kukaa.

Ijumaa iliyopita, povu likiwa machoni
nisipate kumtazama, nikauliza:
Mama yako aliwahi kunitaja?
Akakamua kitambaa. Matone yakaanguka, nikayahesabu.
"Alikutaja. Kila usiku, pamoja na wale watano.
Kwa majina, akiwa amepiga magoti.
Mimi nikidhani ni wajomba zangu."

Sikujibu. Ningejibu nini?
Aliniosha povu na kile kingine kilichokuwa usoni,
wala hakuuliza ni kipi.

Bwana, nilikuomba uzee wa heshima:
fimbo yenye kichwa cha fedha, akili zangu,
na kufa ndani ya shati lililopigwa pasi.
Umenipa kiti cha plastiki bafuni
na binti wa yule niliyemtoa nje,
amechutama, ananikausha katikati ya vidole,
kimoja kimoja, unyevu usije ukabaki.
Sijui kama hii ndiyo heshima.
Nadhani ndiyo. Nadhani ile nyingine
lilikuwa koti tu, nalo halikufungika.

Miaka tisini na mmoja mimi jiwe.
Ulizunguka, ulipapasa, hukuharakisha.
Ulijua mahali pa kugonga.

Sasa ananivika soksi.
Juu yetu mvua inapiga mawe niliyoyapasua kwa mkono wangu,
na paa halivuji.
"Jumanne basi, Ithel," anasema.
Jumanne, mwanangu.
Mkono nitauinua kabla hujaniambia.