Sarafu Mbili

Ivetta, hicho ulichokileta toka Udine,
king'aacho kama jino la kununua,
kiweke pale. Nitakitazama baadaye.
Kwanza nipe kile chembamba, cha mama.

Alipoolewa kilikuwa kipana kama ulimi wa ng'ombe.
Miaka sabini ya kinoo, baba kisha mimi,
imekifanya jani la kitunguu saumu.
Hakuna aliyekiibia. Tulikinoa tu.

Baba alikuwa mnoaji, kama nusu ya bonde hili.
Machi, theluji ya Kanin ingali mabegani,
alifunga cherehe juu ya baiskeli
akaenda nchi za watu: Trieste, Graz, hadi Viyena,
akipiga kengele chini ya madirisha ya mabibi.
Oktoba alirudi na jozi moja ya viatu vipya
kwa watoto sita.
Hakuuliza nani aliugua, nani alizaliwa.
Aliuliza, "Visu viko wapi?"
Akaviegemeza kimoja kimoja kwenye ukucha wa gumba.
Kinachoteleza kimekufa.
Kinachouma ukucha, hicho ki hai.

Umeuliza ununue kipi.
Usinunue kwa macho, kishike.
Chuma kifike hadi mwisho wa mpini,
ribiti tatu, hata moja isicheze.
Kile kinachoshika kutu kina wivu:
kifute, kikaushe, kipake mafuta, la sivyo kinanuna.
Lakini kinanoleka, na kinakumbuka.
Mla nyama ni mwenye kisu kikali, wanasema.
Nyama ni Jumapili, mwanangu. Kila siku ni kitunguu.

Na ile mashine yako ya kuosha vyombo,
kisu kikigongana na vijiko usiku kucha,
sitaki hata kuisikia.

Kinoo kizamishe majini mpaka kiache kutoa mapovu.
Chini ya mgongo wa kisu panga sarafu mbili za lira.
Siku hizi hazinunui hata kiberiti,
lakini pembe yake bado zinaijua.
Sukuma kana kwamba unalimenya jiwe ganda jembamba.
Likilia, umekandamiza.
Likinong'ona, endelea.
Ukipapasa upande wa pili ukakuta uzi wa chuma
mwembamba kuliko unywele wa mtoto, geuza.

Mkasi wa kupogolea una tabia nyingine.
Utomvu wa mplamu ukikaukia humo, unachana badala ya kukata,
na tawi lililochanwa huoza toka kidondani.
Baba aliufuta kwa grapa:
tone moja la mkasi, tone moja la baba.
Miaka ya mwisho matone hayakulingana.

Fyekeo la mpini mrefu hupondwa ukingo kwa nyundo,
lakini hilo nitakufundisha Juni, nyasi zikisimama.
Sima ya mahindi usiikate kwa kisu hata siku moja.
Ina uzi wake, ule pale msumarini.

Mei ile ardhi ilipotikisika
nilikuwa na miaka kumi na minne.
Sahani zote zilikwisha.
Boriti ilimwangukia mbuzi wetu, kamba ikamnyonga,
kamba ya katani, unene wa kidole.
Mama alipita na kisu hiki mara moja.
Mara moja tu, gizani, mikono ikitetemeka.
Mbuzi alisimama, akaanza kula pazia.
Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia
kwamba kisu butu ndicho salama.

Haya, lete hicho chako.
Loo, bado kina karatasi ya bei.
Chuma chake laini, mpini wake plastiki,
lakini mgongo umenyooka. Si kibaya.
Kinaweza kwisha vizuri, pole pole, miaka arobaini.
Mimi sitakiona kikiwa chembamba.

Sogea karibu na dirisha.
Shika sarafu.