Hesabu ya Makombe

Kutwa nzima kinywa changu ni basi, basi, basi:
basi la saa nne, basi limejaa,
basi limeharibika njiani Bergama, mama, subiri.
Saa tano usiku nafunga dirisha la tiketi,
nateremka gatini Ayvalik kwenye sinia la Shehmus,
na hapo neno hilo hilo linanigomea.

Maana sheria ya sinia ni moja, haijaandikwa:
huketi, huulizi bei.
Yeye anafungua kome kwa kidole gumba,
wali umelala ndani, una pilipili manga, una mdalasini,
una zabibu kavu moja iliyojificha pembeni.
Anakamua limau. Anakupa.
Umemeza? Nyingine.
Hadi useme basi.

Shehmus ametoka Mardin, nchi ya mawe na ngano.
Aliiona bahari ana miaka kumi na tisa,
akadhani ni ukungu umelala chini.
Mama yake mpaka leo hali kome.
"Hivyo vidudu vyako," humwuliza kwenye simu, "vinakulisha?"
"Vinanilisha, mama."
"Basi vipe salamu zangu."

Kule mbele kuna mikahawa ya vitambaa vyeupe.
Wageni wa Istanbul humpiga picha samaki
mpaka apoe, ndipo wamle.
Sisi wa sinia tunakula wima:
muuguzi wa zamu, Tufan wa duka la funguo,
kijana aliyeachwa jioni ile ile
anayetafuna kama mwenye kulipa kisasi.
Na miguuni paka, asiye na jina, mwenye sikio moja na nusu.
Mimi nikila kumi, yeye humpata mmoja wangu.

Kisha ikaja Januari.
Upepo ukafagia gati, wageni wakaisha,
mshahara wangu ukawa unafika tarehe kumi na kitu
umechoka kuliko mimi.
Nilikula. Sikusema basi upesi.
Shehmus akayahesabu makombe kwa ncha ya kisu:
"Kumi na mbili, Bi Nezahat."
Tumbo langu lilijua ni zaidi ya ishirini,
lakini tumbo halikusoma hesabu.
Nikalipa kumi na mbili, nikaenda kulala.

Jana nimemkuta mwanawe, Baran,
miaka kumi na moja, koti la baba linamfika magotini.
Mgongo wa baba umegoma, akasema,
daktari amemlaza chali wiki mbili.
Alifungua kome polepole, ulimi nje,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Limau likamrukia jichoni, akajifanya halikuruka.
Nami nikajifanya sikuona.

Nikasema basi.
Akahesabu kwa sauti, kama yuko darasani:
"Ishirini na sita. Toa za paka, kumi na tatu."
"Paka amekula mbili tu," nikasema.
Akachomoa mfukoni kikaratasi chenye mafuta,
mwandiko wa Shehmus ule unaoinamia kushoto:

*Bi Nezahat wa tiketi. Za paka zisihesabiwe.
Paka hula nusu. Usibishane.*

Paka mwenyewe alikuwa chini ya gari la mtu,
anajilamba, mwembamba kama uzi.
Kumbe Januari ile yote, na Februari,
paka nilikuwa mimi.

Nikatoa noti za kome zote ishirini na sita.
Baran akausukuma mkono wangu.
"Imeandikwa tusibishane."
"Imeandikwa wewe usibishane. Mimi sikutajwa."
Akakisoma tena kikaratasi, midomo ikitembea.
Akakigeuza nyuma, kutafuta msaada. Nyuma palikuwa patupu.
Akanitazama.
Akafungua nyingine, akaikamulia limau,
akaninyooshea.

Nilikwisha sema basi.
Nikaipokea.