Mapigo Manane

Saa kumi na moja alfajiri, Thanjavur.
Nachambua dengu, ungo magotini,
nawaza deni la benki.
Ghorofa ya chini bintiye Vaidehi anaanza:
sa, ri, ga, ma.
Ga yake imepinda
palepale ilipopinda yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
nilipomwambia Mwalimu Kunjammal: basi, imetosha.
Tambura nikaifunika shuka.
Mama hakusema neno;
aliacha tu kuipangusa vumbi.

Leo mkono, bila kuniuliza,
wapiga paja:
kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati,
kofi, geuza, kofi, geuza.

Ungo umepinduka.
Nashuka ngazi na dengu nywelení,
mama mzima,
kumwomba mtoto arudie,
polepole,
nipate pa kuingilia.