Dakika Ishirini, Chake

Kinaingia kwa dirisha dogo, ndani ya bakuli la bati,
kizito kama fenesi changa, bado kina joto la mwenyewe.
Kwenye kibandiko: Mize Faki, miaka ishirini na mitatu, Konde.
Hana mtoto. Hilo halikuandikwa;
kanambia mamake asubuhi, pale kwenye ngazi,
nami sikuuliza.

Upande wa pili wa ukuta tumbo liko wazi.
Dokta Thuwaiba kasimama, mikono juu,
angoja neno langu: atoe kimoja au akombe vyote.

Mashine ya kugandisha nyama ilikuja na meli,
ikafanya kazi miezi miwili, umeme ukaiunguza.
Sasa twaiwekea majalada.
Basi kisu. Napasua, naacha maji maji yanayodanganya,
natafuta pagumu, penye vinundu kama uwele uliomwagika.
Nagusisha kioo mara moja,
kama unavyobusu mkono wa mtu mzima:
usiburute, usikandamize.
Spiriti. Rangi ya buluu. Rangi ya waridi.
Zailini imekwisha tangu Rajabu;
nadondosha mafuta ya makonyo, ya Wawi,
na doa linang'aa kama chemni iliyopanguswa.
(Babake Mize mchumaji. Huenda konyo lake limo humu.)

Hadubini.
Seli zimejipanga, kisha hapa zimebanana,
viini vimenenepa, vyagombea nafasi
kama watu wa foleni ya sukari.
Lakini ukingo haujavunjwa.
Au haujavunjwa hapa nilipogusa mie.
Kioo cha pili. Cha tatu.
Simu ya ukutani: "Shaame, vipi?"

Watu hudhani hadubini husema ndiyo au la.
"Uvimbe uko mpakani," nasema.
"Sijaona palipotoboka. Siwezi kuapa."
Kimya. Nasikia mashine ya pumzi, huko kwao.
"Na hiki cha pili?"
"Nipe kipande. Punje ya mchele yatosha."

Punje ikaja. Nikagusa, nikatia rangi, nikangoja.
Nikatazama hadi jicho likatoa chozi.
"Kiache," nikasema,
na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Vipande vya nta vimekwenda Unguja.
Jibu kamili, siku kumi, labda kumi na tano.
Mpaka hapo kuna neno langu tu.

Usiku nimenawa mara tatu, sabuni ya kipande,
mikono yanuka makonyo bado.
Mke wangu auliza: "Leo ulikuwa shamba?"
Nikamwambia ndiyo.