Kitundu

Bastola ya vanishi imeamka na kikohozi.
Inatema, inanyamaza, inatema,
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu
naye bado ana hadithi ya kumaliza.

Mlango wa kabati la Bi Amne umelazwa juu ya mapipa mawili,
mbambakofi, msasa wa mia tatu na ishirini,
laini hata nzi anateleza,
na sasa una madoa ya mate.
Leo Jumatano. Arusi Ijumaa.
Bi Amne amekwisha piga simu mara mbili,
ya pili hakuuliza kitu, alishusha pumzi tu.

Nikaanza na hewa, maana hewa ya Mombasa haiaminiki.
Nikainama chini ya kompresa, nikafungua kizibo cha tangi,
yakatoka maji, nusu kopo, mekundu kwa kutu,
jasho la Majengo nzima lililoshindiliwa usiku.
Mwezi wa tano hapa upepo unakamulika kama tui.
Nikafunga. Nikajaribu kwenye kadibodi.
Ikatema.

Basi ni thina! Yule muuzaji wa Mwembe Tayari!
Nikaidondosha kiganjani, nikanusa:
ikanichoma baridi, ikatoweka
kama mdeni mwisho wa mwezi.
Thina haina kosa.

Nikafungua kofia ya hewa, pembe zake mbili,
vitundu vyake nikavichokoa kwa kijiti cha chelewa,
si kwa msumari; msumari hupanua,
na kitundu kikishapanuka hakuna fundi wa kukirudisha.
Nikachomoa sindano, nikaiviringisha juu ya kioo:
imenyooka.
Nikaitia shingoni tone la mafuta ya cherehani,
pale kwenye ngozi inayozuia hewa isidokoe,
nikakaza nozo, si kwa hasira, robo mzunguko.
Kadibodi nyingine.
Ikatema.

Ndipo nikamgeukia Mwanakombo.
Jana magharibi nani aliosha?
Uliosha vipi? Kwa thina ile chafu?
Nimekwambia mara ngapi usiitumbukize yote kwenye ndoo,
si sufuria hiyo,
ngozi za ndani hufura, njia za hewa hunywa tope.
Nikasema mengi. Mengine hayakuhusu bastola.
Yeye kasimama, tambara mkononi,
barakoa shingoni, mato yake kwenye kikombe.

Kikombe.
Juu ya kifuniko chake pana kitundu kimoja,
hakizidi jicho la sindano ya kofia.
Vanishi ikishuka, hewa huingia pale kushika nafasi yake;
ukikiziba, vanishi huning'inia,
huja kwa kwikwi.
Na juu ya kitundu palikuwa na selotepu,
kipande kidogo, kimekatwa sawasawa,
kingo zake nilizikandamiza mwenyewe
jana, ndani ya tuktuki, nikitoka kazini Nyali,
isije ikanidondokea shati la kwenda ukweni.

"Nilikiona," akasema Mwanakombo.
"Nikaosha polepole kisitoke.
Nilidhani umekibandika kwa sababu."

Nje, muuza maji alipita akigonga mkokoteni wake.
Sikupata la kusema, nami ni mtu wa maneno.
Nikakibandua kwa ukucha.
Nikabonyeza: ukungu ukafunguka mpana, mkimya,
ukalala juu ya kadibodi kama shuka iliyotandikwa na mama mkwe.

Madoa tuliyapiga msasa mpaka adhuhuri,
jua likakausha hewa kidogo, vanishi isije ikafifia nyeupe.
Kisha nikampa yeye bastola.
Shibiri moja kutoka mbao, nikamwambia,
mkono uende pamoja na bega, usipinde kifundo,
bonyeza kabla ya ukingo, achia ukishaupita,
na kila mfuo uukalie wenzake nusu.
Alikuwa anayajua yote hayo.
Aliniacha niyaseme.

Nikatoka uani kumpigia Bi Amne.
Selotepu ingali imenikaa kwenye gumba.
Nikaikung'uta; ikahamia kidole cha pili.