Asilimia Thelathini

"Wanafunzi: punguzo asilimia thelathini.
Njoo na kitambulisho."
Nilibandika mwenyewe, wino mwekundu,
nikasahau kutaja thelathini ya ngapi.

Akaja Nyanzala, chuo mwaka wa pili,
viatu vimejaa vumbi la Ipuli,
kitambulisho kimekwisha muda tangu Juni
(ada, alisema, akaishia hapo).
Kwenye picha yake hana uso,
kivuli tu chenye masikio.

Nikabonyeza kalikuleta.
Lenzi ile, baada ya huruma yangu yote,
ni madumu ishirini na matatu ya asali ya baba yake,
bado nauli kutoka Sikonge,
bado nyuki waliohama mwaka huu.
Tukacheka wote wawili.
Yeye aliacha kwanza.

"Basi niazime jicho. Dakika moja."

Nikaifunga lenzi kwenye kamera,
nikamvisha mkanda shingoni kama medali.
Akaelekeza ng'ambo ya barabara.
Hakupiga.
"Fundi viatu ana kovu kwenye dole gumba," akasema.
"Uzi anaulowesha mate. Halafu
anamsomea mtu gazeti, yule aliyekaa nyuma yake,
kumbe haoni."

Miaka tisa nafungua duka nikitazamana na fundi yule.

Akarudisha kifuniko taratibu,
kuliko wenye hela wanavyorudisha.
Akashukuru. Akaenda.

Jioni, nikifuta vumbi,
nikakuta ukope mmoja nyuma ya kamera,
pale alipoegesha jicho.
Sijaupuliza.
Karatasi nimeibandua,
na kalamu nyekundu ninayo mkononi,
sijui niandike ngapi.