Huenda

Daktari Nyamvula aliigeuza karatasi nione mwenyewe:
lehemu, sita nukta nane.
"Bi Rukia, ni mafuta hayo."
Nikacheka. Miaka ishirini na sita
nakaanga viazi karai Kibokoni,
na cha kwanza kutoka ni changu, nionje chumvi.

"Kidonge hiki kila usiku, usikiache.
Na mtindi, ukipenda. Mna vijidudu humo
ambavyo huenda vikasaidia kidogo."

Huenda.
Nililibeba neno hilo toka Makadara kwa miguu,
nikiligeuza mdomoni kama kokwa ya ukwaju.
Huenda ni shaka,
na huenda ni mwendo:
maji ya mfereji huenda, siku yakija;
mume wangu alikwenda na damu nzito,
hakuambiwa huenda wala hakika.

Bi Saumu wa Kuze alinipa mbegu,
vijiko viwili kwenye bakuli la buluu lenye ufa.
"Nirudishie bakuli. Mbegu usirudishe,
nami nilipewa na mkwe, naye alipewa Majengo."

Nikachemsha maziwa, nikayaacha
hadi kidole kikastahimili hesabu ya kumi.
Nikakoroga. Nikafunika kwa leso kuukuu,
nusu ya jina lake imefutika,
limebaki: MWENYEJI APONE.

Usiku kucha jikoni kimya,
na humo umati ukila, ukizaana, ukigandisha,
harusi isiyo taa wala ngoma.
Ati wengine wao huivuruga nyongo
isirudi ilikotoka,
ini likalazimika kutengeneza mpya
na kuichota lehemu damuni.
Sikuelewa yote. Kuchota nilielewa.

Asubuhi: mweupe, umetulia,
kama anayejua siri ya watu.
Mchachu! Nililifumba jicho moja.

Miezi mitatu. Tano nukta tisa.
Ni kidonge? Ni mtindi?
Ni kile kiazi cha kwanza, ambacho sasa
humpa kijana wa mkokoteni?
"Sijui," alisema daktari,
nami nikampenda kwa hilo.
"Kidonge usiache."
Sijaacha.

Jana jirani kapiga hodi, kikombe mkononi,
karatasi yake ya maabara imekunjwa kifuani.
"Utanifaa, Bi Rukia?"
"Huenda," nikamwambia,
nikamchotea vijiko viwili.